Kumfunza Mbwa wa Ulinzi bila Fimbo: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mwanza

Mbwa wengi wanaofugwa Mwanza huletwa nyumbani kwa kazi moja, nayo ni ulinzi. Mwenye nyumba wa Buswelu au Buhongwa anapomaliza kujenga ukuta na kuweka geti, hutafuta mtoto wa mbwa, humfunga mnyororo mchana ili asizoeane na watu, na humfungulia usiku. Wapo wanaomchanganyia pilipili kwenye chakula kwa imani kwamba itamzidishia ukali, na wapo wanaomkata masikio kwa sababu hiyohiyo. Baada ya muda malalamiko huanza: mbwa anabweka usiku kucha hata pasipo na mtu, amemng'ata mtoto wa jirani, anachimba chini ya geti, anakimbiza kuku, na akifunguka haji tena anapoitwa. Hapo fimbo hutafutwa, na kwa siku mbili tatu huonekana kana kwamba imesaidia.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Msimamo wake ni kwamba sehemu kubwa ya tabia tunazoziita mbaya hutokana na woga, upweke, kukosa la kufanya, kukosa usingizi au maumivu, na kwamba mbwa aliyetoshelezwa katika mambo hayo hufundishika kwa urahisi na hulinda vizuri kuliko mbwa aliyechokozwa. Mbwa mwoga hubwekea kila kitu, kuanzia paka anayepita juu ya ukuta hadi bodaboda inayopanda mlima, na siku mwizi anapofika kweli hakuna anayeamka, kwa kuwa nyumba nzima na majirani wameshazoea kelele zake. Mbwa mtulivu hubweka kwa nadra, na akibweka watu huinuka vitandani.

Anayetaka mfano wa karibu awatazame mbwa wanaofuatana na ng'ombe machungani huko Magu, Kwimba na Misungwi. Ni mbwa wa kienyeji walewale tunaowafunga kwenye miembe mjini. Kutwa wanatembea, wananusa kila kichaka, wako pamoja na mchungaji na mbwa wenzao, na jioni wanalala kwa uchovu wa halali. Kilichowatofautisha na wa mjini ni namna siku yao inavyopita, kwa hiyo siku ya mbwa ndiyo tunayopaswa kuirekebisha kwanza kabla ya kumrekebisha mbwa mwenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba si ugonjwa

Mbwa aliyebadilika ghafla asifundishwe kabla hajapimwa. Kupe waliojaa ndani ya sikio, jino lililooza, jeraha lililofichwa na manyoya au minyoo mingi tumboni vinatosha kumfanya mbwa mpole angurume anapoguswa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au mwite afisa mifugo wa kata, na umweleze tabia ilianza lini na hutokea wakati gani.

Kichaa cha mbwa ni suala la pekee. Mbwa mpole anayegeuka mkali bila sababu, au mbwa mkali anayegeuka mpole kupita kawaida, anayetokwa na udenda, anayeshindwa kumeza, ambaye mlio wake umebadilika au taya lake la chini limelegea, hafundishwi wala haguswi. Watu na watoto waondolewe karibu naye na afisa mifugo aitwe mara moja. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huu huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa huchanjwa tangu utotoni na chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka, na kampeni nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Upole una faida yake hapa pia, kwani mbwa aliyezoea kushikwa na mwenyewe hupelekwa kuchanjwa kwa kamba bila vurugu, wakati mbwa aliyezoea fimbo hukimbilia milimani kwenye miamba anapoona mtu yeyote ameshika kitu mkononi, na chanjo humpita.

Jifunze kuusoma mwili wake

Mbwa husema mengi kabla ya kung'ata, na wengi wetu hatumsikii kwa kuwa tunasubiri kelele. Anapoanza kuona jambo limemzidi, hugeuza kichwa pembeni, hulamba pua na midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila kuwa na usingizi, hulaza masikio nyuma, hufyata mkia, na weupe wa jicho lake huonekana pembeni. Mwili hukakamaa kwa nukta moja, na ni katika nukta hiyo mtu mzima anapaswa kumwondoa mtoto anayemkumbatia mbwa shingoni. Kutikisa mkia peke yake kusikudanganye: mkia ulioinuliwa juu na kutikisika kwa kasi huku mwili umekakamaa si dalili ya furaha, ila mkia unaoyumba kwa ulegevu hadi kiuno kinacheza ndio wa kirafiki.

Muungurumo ni onyo, na onyo ni jambo jema. Anayempiga mbwa kwa sababu ameunguruma humfunza kuliruka onyo, na mbwa wa namna hiyo ndiye watu husema amemng'ata mtu bila dalili yoyote. Mbwa akiunguruma, simama, rudi nyuma bila kukimbia, ondoa kinachomtia hofu, kisha baadaye ukiwa na nafasi utafute sababu na kuifanyia kazi kwa njia itakayoelezwa hapa chini.

Bado yapo mazungumzo kwamba mbwa hulazimika kutawaliwa kwa nguvu ili ajue nani ni mkubwa. Wazo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na mbwa mwitu (wolf, si mbwa mwitu wa Afrika) waliofungiwa pamoja bila kuwa wa ukoo mmoja, ambao Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Mtafiti wa Marekani David Mech, ambaye naye aliwahi kulieneza wazo hilo, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wakubwa huongoza kwa sababu wao ndio wazazi. Kumlaza mbwa chali na kumkandamiza ili akubali kushindwa hakuna msingi, na ni njia ya uhakika ya kung'atwa usoni.

Siku ya mbwa inavyopaswa kuwa

Jaak Panksepp, mwanasayansi mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 2017, alichunguza ubongo wa wanyama na kueleza mifumo 7 ya hisia inayopatikana kwa mamalia, binadamu akiwamo: ya kutafuta, ya woga, ya hasira, ya kujamiiana, ya kulea, ya huzuni ya kuachwa, na ya mchezo. Mfugaji hana haja ya kuikariri yote, lakini ukiyatazama maisha ya mbwa anayefungwa kutwa nzima utaona kwamba ule wa kutafuta na ule wa mchezo havipewi nafasi hata kidogo, wakati woga, hasira na huzuni ya kuachwa vinachochewa kila siku.

Mnyororo ndio wa kuanza nao. Nenda ulipomfunga mbwa wako uangalie chini: utakuta nusu duara ya udongo uliokanyagwa ukawa mgumu usio na jani hata moja, sufuria ya maji iliyopinduliwa kwa mnyororo wenyewe, na alama ya kusuguliwa kwenye gome la mti. Hapo ndipo mbwa hulala, hula, hujisaidia na hungoja. Hawezi kukimbia anachokiogopa wala kukifuata anachokipenda, hivyo njia pekee inayobaki ni kujionyesha mkali ili kila kitu kiondoke, na kwa kuwa wapita njia huondoka kweli, huamini kwamba ukali umemsaidia na huuzidisha kesho yake. Hii ndiyo sababu mbwa wa mnyororo huwa hatari zaidi kwa mtoto anayeingia ndani ya duara lake.

Nyumba yenye ukuta inaweza kumwacha mbwa huru uani muda mwingi, akawa na banda lenye mlango wa kumfungia wageni wanapokuja. Kwa wanaoishi kwenye milima ya Igogo, Mabatini au Kirumba, ambako nyumba zimebanana katikati ya miamba na hakuna ua, tumia waya wa kuteleza: vuta waya mgumu kati ya nguzo mbili au kati ya nguzo na mti kwa urefu unaopatikana, ingiza pete juu yake, na funga kwenye pete hiyo kamba itakayomwezesha mbwa kwenda na kurudi. Weka kizuizi kwenye waya hatua chache kabla ya kila mwisho ili asijizungushe kwenye nguzo. Waya huo si suluhisho la kumweka huko siku nzima, lakini mbwa anayeweza kutembea kutoka kivulini hadi mlangoni pa jiko ana maisha tofauti kabisa na wa duara. Mahali pa banda pachaguliwe kwa makini, kwa kuwa miamba yetu hushika joto la jua na kulitoa hadi usiku, na banda la mabati lililowekwa juu ya mwamba hugeuka tanuri saa sita mchana. Paa la nyasi au makuti, sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka chini, na mlango unaotazama upande wanakopita watu wa nyumbani, vinatosha.

Usingizi husahaulika kabisa. Mbwa mzima hulala nusu ya siku au zaidi, na anayekesha akilinda lazima alipwe usingizi huo mchana. Akifungwa karibu na geti linalogongwa kila saa, mahali pa kupita wanafunzi na wauza maji, halali, na mbwa aliyechoka kwa kukosa usingizi huwa na hasira za karibu. Mpe sehemu ya nyuma ya nyumba kati ya asubuhi na alasiri, na watoto wakatazwe kabisa kumwamsha.

Kisha kuna matembezi. Pua ndiyo macho ya mbwa, na nusu saa ya kunusa humchosha na kumtuliza kuliko kukimbizwa kwa nguvu. Mtoe alfajiri kabla jua halijawaka, kwa kamba ndefu na mkanda wa shingoni au wa kifuani, na umwache achague pa kusimama. Anapong'ang'ania kunusa jiwe moja kwa dakika nzima usimvute, kwa sababu anasoma habari za mtaa. Ukiteremka naye ufukweni, iwe Luchelele, Kayenze au kwingineko, epuka maeneo yanayotengenezewa nyavu na migonzo, yaani kamba ndefu za ndoano, kwani ndoano zenye mabaki ya chambo hutupwa mchangani na mbwa huzimeza. Usiingie naye majini pia: kichocho ni chako wewe, na mamba katika sehemu kadhaa za ziwa ni wa wote wawili.

Chakula nacho kina hisia ndani yake. Imani ya kwamba mbwa mwenye njaa hulinda vizuri haina ukweli wowote, maana mbwa mwenye njaa hutoka kwenda kutafuta jalalani, na mwizi mwenye kipande cha nyama humnunua kwa dakika moja. Gawa chakula chake mara mbili kwa siku kwa saa zilezile. Ugali wa dona uliopikwa pamoja na dagaa, au na mchuzi wa mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa) ambayo mifupa yake imetolewa, ni chakula cha bei nafuu kwetu. Makombo yenye vitunguu vingi yasitumike, kwa kuwa vitunguu humdhuru. Mara kwa mara mwagia sehemu ya chakula chake kikavu kwenye nyasi badala ya bakuli, ili akitafute kwa pua. Ni kazi ya dakika kumi kwake, na huo ndio mfumo wa kutafuta ukipewa haki yake.

Kwa familia ambazo kwa sababu za dini huepuka kuguswa na mate ya mbwa, hakuna lolote katika mwongozo huu linalolazimisha kumpapasa. Sauti tulivu, ratiba isiyobadilika, chakula cha zawadi kinachorushwa chini na mahali safi pa kulala hujenga imani ya mbwa kwa mtu hata kama hawagusani, mradi yupo mmoja katika nyumba, labda mlinzi, anayeweza kumshika kwa ajili ya chanjo na matibabu.

Kufundisha kwa zawadi

Tanzania ina mfano wake wenyewe wa mafunzo ya aina hii. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anapofanya sawasawa husikia mlio mfupi wa kidude maalumu, kisha hupata chakula anachokipenda kama ndizi. Akikosea hapati kitu, na hapigwi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kama panya hufikia kiwango hicho kwa ndizi, hakuna sababu ya kumpiga mbwa ili akae chini.

Sisi tuna dagaa. Chukua dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, wachekeche kuondoa mchanga, wakate vipande viwili viwili na uwatie kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, si mfuko wa suruali unayokwenda nayo kazini. Chagua neno moja fupi litakalokuwa alama, kwa mfano "safi". Siku ya kwanza usimwagize chochote: sema "safi", mpe kipande, subiri kidogo, rudia. Baada ya kurudia hivyo mara kadhaa utaona kichwa kinageuka neno linapotamkwa, na hapo neno limepata thamani. Kuanzia hapo kila anapofanya unachokitaka tamka "safi" papo hapo, na zawadi ifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa umemlipa kwa jambo jingine alilokuwa analifanya wakati huo.

Anza na jina. Liite mara moja kwa sauti ya kawaida, na akikutazama tu, alama na zawadi. Jina lisitumike kamwe kumkaripia. Kumwita aje ni vivyo hivyo: mwite mkiwa na hatua mbili kati yenu, kisha tano, kisha upande wa pili wa ua, na kila akifika apate kitu, hata kama alichelewa na hata kama alitoka kufanya uharibifu. Mbwa anayeitwa ili apigwe au afungwe mnyororo atajifunza kwa haraka sana kutokuja. Ili akae, shika kipande cha dagaa mbele ya pua yake na ukipandishe taratibu kuelekea juu ya kichwa. Macho yanapokifuata makalio hushuka yenyewe, na usimkandamize kiuno. Dakika tatu hadi tano kwa mara moja zinatosha, mara mbili kwa siku, na uache akiwa bado anataka kuendelea.

Zoezi la geti ndilo lenye faida kubwa kuliko yote kwa nyumba zetu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Tafuta kipande cha mkeka wa zamani au gunia na ulitandike mahali mbwa anapoweza kuliona geti bila kulifikia. Kwa siku za mwanzo mlipe kila anapokanyaga mkeka kwa hiari yake, kisha anapokaa, kisha anapolala. Halafu mwombe mtu wa nyumbani ambaye mbwa anampenda aguse geti kutoka ndani, kwa sauti ndogo sana, mara moja. Geti likilia, dagaa zidondoke mkekani. Likinyamaza, dagaa zinakoma. Endelea hivyo hadi mlio wa geti umfanye autazame mkeka badala ya kulikimbilia geti. Ongeza kidogo kidogo: kugonga kwa nguvu zaidi, kugonga kutoka nje, mtu asiyemzoea sana, mwanga wa jioni. Kipimo chako ni mdomo wake, kwa kuwa mbwa anayekataa dagaa aliyokuwa akiila dakika moja iliyopita anakwambia umefika mbali mno, na unapaswa kurudi hatua moja nyuma, bila hasira. Mwenye haraka ataharibu hapa. Mbwa hataacha kubweka geti linapofunguliwa usiku wa manane na asiyejulikana. Atabweka, lakini atakuwa na uwezo wa kunyamaza ukimwita mkekani.

Ngurumo, kuku, na mengine yanayotusumbua

Ziwa Victoria lina radi nyingi, na dhoruba zake nyingi huja usiku na alfajiri, hivyo mbwa wa Mwanza anayeogopa ngurumo ana misimu mirefu ya mateso. Mvua ikipiga mabati atachimba, atakwaruza mlango au atajaribu kuruka ukuta. Mwache ajifiche anapopataka, iwe chini ya ngazi au kwenye banda lililofunikwa gunia pande tatu, na usimtoe kwa nguvu. Kukaa karibu naye na kusema naye kwa upole hakumzidishii woga, kinyume cha wanavyosema wengi. Woga haukui kwa sababu umefarijiwa. Kwa mbwa anayejiumiza kwa hofu, daktari wa mifugo anazo dawa za kumtuliza.

Kuku ni ugomvi wa zamani. Wapo wanaomtia mbwa yai la moto mdomoni ili aache kula mayai, na wapo wanaomfunga kuku aliyekufa shingoni. Kinachopatikana ni mbwa aliyeungua mdomo au anayeogopa mikono, ambaye bado atakula yai ukiwa haupo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Kukimbiza kitu kinachoruka ni asili ya mbwa na hakuondoki kwa adhabu. Weka kuku kwenye banda wakati mbwa yuko huru, na wakati wa mafunzo mtembeze kwa kamba mbali na kuku, ukimlipa kila anapowatazama kisha akageuza macho kwako. Sogea karibu siku baada ya siku. Mtoto wa mbwa anayekua na kuku tangu mwanzo akiangaliwa hupata shida ndogo zaidi, ingawa sitamwachia mbwa yeyote vifaranga bila mtu kuwepo.

Kuchimba na kutoroka mara nyingi hupungua matembezi yanapoanza. Dume anayetoroka kufuata majike anaweza kuhasiwa na daktari, na kuhasiwa hupunguza uzururaji huo, lakini hakuponyi woga, kwa hiyo usitarajie kuwa mbwa anayeng'ata kwa hofu atabadilika kwa sababu ya upasuaji.

Ukianza na mtoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wake huandika orodha ya mambo ya kawaida duniani, na yasiyomo humtisha baadaye. Kwa hiyo desturi ya kumficha asizoeane na watu ndiyo inayozalisha mbwa asiyeweza kutofautisha mgeni na mwizi. Umbebe mkononi uketi naye mahali anapoweza kuona bajaji, watoto wa shule, mtu mwenye mwavuli, mama mwenye ndoo kichwani, fundi anayegonga mabati, na asikie adhana, kengele na muziki wa sherehe kwa mbali, huku akipata vipande vya chakula. Kwa kuwa chanjo zake bado hazijakamilika, asikanyage sehemu zinazopitiwa na mbwa wasiojulikana. Ulinzi hautapungua, maana mbwa huanza kulinda mahali anapopaona pake anapokaribia utu uzima, bila kufundishwa uadui.

Akikung'ata mikono kwa mchezo, nyamaza, simama, na mchezo uishe kwa sekunde chache. Mpe kipande cha kamba nene au mfupa mkubwa wa ng'ombe usiopikwa, chini ya macho yako, ili meno yapate kazi yake.

Mbwa ambaye ameshang'ata

Huyu usijaribu kumrekebisha peke yako. Mzoeshe kifungo cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kwa kumlipa kila anapoingiza pua mwenyewe, na uwe unamvalisha kila anapotoka nyumbani. Weka kizuizi cha pili zaidi ya geti lenyewe. Andika tarehe, mahali, nani alikuwepo na nini kilitokea kabla, kisha umpelekee daktari wa mifugo maelezo hayo, kwani mara nyingi yataonyesha jambo linalojirudia, kama vile mtu mwenye fimbo, mtu anayeinama juu yake, au mtoto anayesogelea bakuli.

Watu wote wa nyumbani watumie maneno yaleyale. Mlinzi akisema "kaa", dada wa kazi akisema "chini" na watoto wakisema wanavyotaka, mbwa hatajua la kufuata, na kazi ya wiki nzima hubomolewa na mtu mmoja anayemrushia jiwe kwa utani. Ukisafiri kwenda Ukerewe kwenye msiba ukamwachia kijana wa jirani, mwachie pia mfuko wa dagaa, orodha ya maneno yasiyozidi matano, saa za chakula na namba ya daktari wa mifugo, na siku moja kabla ya kuondoka mwache ampe mbwa chakula cha jioni wewe ukiwa umesimama pembeni.